Kaimosi: Chuo Kilichozaliwa na Mashine ya Mbao

Misheni ya Kaimosi, ambayo ni miongoni mwa zilizotangulia katika nchi ya Waluhya, ilianza Agosti 17, 1902, siku Wamarekani watatu walipofika kwenye msitu ulio kati ya Watiriki na Wanandi na kuamua kutua hapo. Walikuwa Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, waumini wa Kanisa la Marafiki, ambalo wengi hulijua kwa jina la Quaker. Kaimosi sasa imo katika kaunti ya Vihiga. Hata hivyo, kwa miaka mingi mambo yake yaliamuliwa katika makao ya wilaya mjini Kakamega, hadi Vihiga ilipopewa wilaya yake mnamo 1990. Anayetaka kujua jinsi vijana maskini wa Kakamega walivyoanza kusoma hana budi kuanzia hapo.

Wazo lilikuwa la Hotchkiss. Alikuwa amekwisha kuishi Ukambani kuanzia 1895 na kundi la kwanza la Africa Inland Mission, akaona wenzake wakifa kwa homa au wakirudi kwao wakiwa wamevunjika afya. Kiongozi wao, Peter Cameron Scott, alifariki Desemba 1896. Hotchkiss alirejea Marekani akiwa na hakika kwamba misheni inayongoja kila kitu kutoka ng'ambo haina maisha marefu, na kwamba kijana anayeacha mila za kwao kwa ajili ya Injili lazima apewe pia njia ya kujilisha. Marafiki wa jimbo la Ohio, hasa waliohusiana na chuo chao cha Biblia mjini Cleveland, walimsikiliza. Wakaunda Friends Africa Industrial Mission, misheni ambayo kwa jina lake lenyewe iliahidi kazi za ufundi.

Mpango wao haukuwa mgeni kwa Wamarekani wa zama hizo. Hampton tangu 1868 na Tuskegee tangu 1881 vilikuwa vyuo mashuhuri vilivyowafundisha vijana Weusi, watoto wa waliokuwa watumwa, kusoma huku wakifyatua matofali na kulima. Marafiki walitaka jambo la namna hiyo hiyo: vijana waajiriwe, wakae kila siku karibu na mafundisho ya Kikristo, wajifunze kazi, na mwishowe wawe kanisa linalojitegemea kwa mfuko wake.

Njia ilikuwa imefunguka karibuni. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na Aprili 1902 eneo lote hilo lilitolewa Uganda na kutiwa katika himaya ya Afrika Mashariki. Wamishonari wakapanda garimoshi toka Mombasa, wakashuka Kisumu, kisha wakapanda vilima kwa miguu kutafuta mahali penye vitu vitatu: miti ya mbao, maji yenye nguvu na hewa isiyo na malaria nyingi. Kaimosi ilikuwa na vyote, kwa kuwa iko katika nyanda za juu, msitu wake ni kipande cha msitu mkubwa wa Kakamega, na mto Goli-Goli una maporomoko. Tena watu waliokaa hapo walikuwa wachache, maana palikuwa mpaka uliogombaniwa na jamii mbili. Ardhi hiyo, mamia ya ekari, ilitolewa na serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa imeinunua kwa mtu yeyote. Jambo hilo halikusumbua wengi wakati huo, ila lilikuja kukumbukwa baadaye.

Maji ya Goli-Goli yaliendesha mashine ya kupasua mbao, na mashine hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza. Kijana wa Tiriki au Maragoli hakuja kwa sababu alitaka kusoma. Alikuja kwa sababu serikali ilikuwa inadai kodi ya nyumba, na kodi ililipwa kwa fedha. Bila misheni angelazimika kwenda kuitafuta mbali, kwenye reli au kwenye mashamba ya walowezi. Kaimosi ilimpa kibarua karibu na kwao: kukata miti, kuvuta magogo, kufyatua matofali, kujenga. Asubuhi, kabla ya kushika msumeno, alikaa na wenzake kusikiliza Neno na sala. Alifundishwa pia herufi. Wengi walichukua ujira wao wakaenda zao. Wachache wakabaki, na hao wachache ndio waliojenga kila kitu kilichofuata.

Miongoni mwao walikuwa Daudi Lung'aho na mkewe Maria Maraga, ambao ndoa yao ya Kikristo ilikuwa ya kwanza kufungwa katika misheni hiyo. Maria Maraga hakukaa kimya kanisani. Alihubiri, na hilo halikuwa la ajabu kwa Marafiki, kwa kuwa tangu mwanzo wao Uingereza katika karne ya 17 wameamini kwamba Roho anaweza kusema kupitia kwa mwanamke sawasawa na mwanamume. Marafiki pia hawabatizi kwa maji. Muumini alitambulika kwa mwenendo wake, na katika mazingira ya Kaimosi mwenendo ulionekana darasani na kazini.

Hotchkiss mwenyewe hakukaa. Kufikia 1905 alikuwa amehamia kwa Wakipsigis kuanzisha misheni nyingine ya ufundi huko Lumbwa. Aliyebadilisha mwelekeo wa kazi ni Emory Rees, aliyefika 1904 pamoja na mkewe Deborah na baadaye kuweka kituo Vihiga, katikati ya Wamaragoli. Rees aliona kwamba watu wasioweza kusoma Maandiko kwa lugha yao wataendelea kuwa wageni wa misheni, hata wakijua useremala kiasi gani. Akajifunza Lulogooli, akafungua shule, akaanza kutafsiri. Katika kazi hiyo alisaidiwa na vijana wa Maragoli, na Joel Litu ndiye aliyeibeba kwa miaka mingi zaidi. Biblia nzima ya Lulogooli ilitoka 1951, zaidi ya miaka 20 baada ya Rees kurudi Marekani. Huyo Litu na mwenzake Yohana Amugune walikuwa wazee wa kanisa ambao neno lao lilihesabiwa kuliko la wageni wengi waliokuja na kuondoka.

Ufundi haukuachwa. Fred Hoyt na mkewe Alta, waliofika 1912, walitumikia kwa zaidi ya miaka 30, na Hoyt alisimamia kazi za viwanda Kaimosi. Lakini uzani ulikuwa umehama. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwachukua maelfu ya vijana wa magharibi mwa Kenya kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi. Waliorudi walikuwa wameona kwamba anayeandika ndiye anayesimama kivulini na orodha mkononi, na asiyeandika ndiye anayebeba mzigo. Baada ya vita, kila kilima kilitaka shule yake. Waumini walijenga vibanda vya udongo na nyasi, wakaomba mwalimu Kaimosi. Mwalimu huyo mara nyingi alikuwa kijana aliyesoma miaka michache tu, akilipwa kidogo au bila malipo, akifundisha mchana na kuhubiri Jumapili. Kazi kubwa ya Kaimosi ikawa kuwafinyanga walimu wa namna hiyo. Chuo kikaota hivyo, darasa baada ya darasa, kwa kusukumwa na watu wa vijijini; hakuna waraka mmoja ulioamuru kianzishwe.

Wasichana walichelewa kufikiwa. Deborah Rees alikuwa amewafundisha wachache Vihiga, na katika miaka ya 1920 shule ya bweni ya wasichana ikawako Kaimosi. Wazazi wengi waliona hasara kumwachilia binti aondoke, asiwepo nyumbani kulima na kulea wadogo zake, na walihofia kwamba mahari yake ingepungua. Ushujaa wa wasichana wa kwanza, ambao baadhi yao waliingia bwenini bila idhini ya nyumbani, haujaandikwa vya kutosha. Shule ya upili ya wasichana ya Kaimosi iliyopo leo inasimama juu ya msingi walioutia wao.

Hapo ndipo lilipoingia shauri la serikali. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki, na James Aggrey wa Gold Coast akiwa mmoja wa wajumbe wake. Ilipendekeza elimu inayofuata maisha ya kijijini: kilimo, afya, kazi za mikono. Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete 1925 kwa mfano huo, na misheni zilizokubali masharti zikapewa ruzuku. Kwa wamishonari wa Kaimosi pendekezo hilo lilifanana na ndoto yao ya 1902. Kwa waumini wao lilifanana na mtego. Waliona wana wa walowezi wakisomea vitabu huku wao wakipewa majembe, wakauliza kwa nini. Lilikuwa swali la haki, na jibu la kuridhisha halikupatikana.

Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega, na wachimbaji wa Kizungu wakamiminika. Mwishoni mwa 1932 sheria ya ardhi ya wenyeji, iliyokuwa imepitishwa miaka miwili tu kabla, ikabadilishwa ili serikali iweze kutwaa mashamba bila kuwapa wenyewe ardhi nyingine badala yake. Hakuna somo lililofundisha thamani ya kusoma kwa ukali kuliko hilo. North Kavirondo Central Association, chama kilichopigania ardhi katika miaka hiyo, kiliongozwa na watu kama Andrea Jumba na John Adala, na nguvu yake ilikuwa Maragoli, miongoni mwa waliopitia mikononi mwa Marafiki. Mwaka huo huo wa 1932 Kakamega ilipata shule ya serikali, ambayo wenyeji walikuwa wameidai kupitia baraza lao la wilaya ili wawe na mahali pa kusomea pasipo chini ya misheni yoyote. Wakatoliki walikuwa na shule zao Mumias na Mukumu. Waanglikana walikuwa Maseno tangu 1906 na Butere tangu 1912. Kaimosi haikuwa peke yake tena.

Miaka ya 1940 iliipa sura ya mji wa vyuo. Chuo cha Biblia cha Marafiki, ambacho sasa ni Friends Theological College, kilianzishwa 1942. Mwaka 1946 Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki ukaundwa, na Marafiki wa huku wakawa kanisa kamili, si tawi la Wamarekani. Shule ya upili ya wavulana ilifunguliwa Kamusinga, huko Bungoma, mnamo 1957. Uhuru ulipokuja, mali za misheni zilikabidhiwa kanisa, na Thomas Lung'aho alikuwa katibu wake mtendaji katika miaka hiyo ya 1960. Leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote duniani.

Ila swali la Hotchkiss, la kijana kupata njia ya kujilisha, lilikuwa bado halijajibiwa. Shule za msingi ziliongezeka upesi baada ya 1963, nafasi za sekondari hazikufuata kasi hiyo, na kila Desemba vijana walirudi nyumbani na cheti kisichowapa kazi. Vihiga na maeneo jirani yalikuwa miongoni mwa sehemu zilizosongamana watu zaidi nchini. Shamba lililogawiwa wana watano halikutosha hata mmoja. Mwaka 1966 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kikristo lilitoa ripoti iitwayo After School, What?, likipendekeza vyuo vidogo vya ufundi vijijini. Masharti yake yalikuwa mapya kwa wakati ule: majengo ya gharama nafuu, kamati ya wenyeji, ada ndogo, na ufundi unaotakiwa na kijiji chenyewe, kama uashi, useremala, ushonaji na ufuaji wa bati. Mwanafunzi hakuahidiwa cheti wala kazi ya mjini. Alitarajiwa kuondoka na wenzake wakiwa kikundi kinachoweza kuchukua kandarasi za kijijini kwao.

Vyuo hivyo vilienea haraka, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali iliingia kuvifadhili. Ruzuku ilisaidia kulipa walimu. Pamoja nayo ukaja mtihani wa daraja la ufundi, maana wazazi na wanafunzi wenyewe waliudai, kama babu zao walivyodai vitabu Kaimosi. Si haki kuwalaumu. Kijana maskini asiye na karatasi hukosa kazi hata kama mkono wake ni hodari, na waliomshauri aridhike na ufundi wa kijijini kwa kawaida watoto wao walikuwa sekondari.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulijaribu kuingiza useremala, kilimo na sayansi kimu katika kila shule. Wazazi wakachanga kujenga karakana, na baada ya 2000 masomo mengi ya aina hiyo yakapunguzwa. Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti, na hivi leo kaunti za Kakamega na Vihiga ndizo zinazoviendesha.

Kaimosi yenyewe ilifuata njia ya shahada. Mjini Kakamega, WECO, chuo kilichojengwa kwa michango ya harambee katika miaka ya 1970 huku Masinde Muliro akiwa mstari wa mbele, kilikua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mnamo 2007. Chini yake kikaanzishwa chuo kishiriki cha Kaimosi Friends mwaka 2015, na 2022 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kiko katika eneo lile lile la misheni, jirani na chuo cha theolojia, chuo cha walimu, shule ya wasichana na hospitali. Wanafunzi wake wa shahada ya kwanza hupokelewa kwa alama za mtihani wa kidato cha nne, sawa na vyuo vikuu vingine vya umma nchini.