Mama Kayai wa Vitimbi: Sura Unaijua, Jina Lake Je?

Leo ubuyu wa mastaa tunauweka pembeni, tunarudi nyuma kidogo. Swali dogo tu: Mama Kayai wa Vitimbi anaitwa nani? Namaanisha jina la kwenye kitambulisho, siyo la kuigiza. Haya, wengi mmeshakwama. Anaitwa Mary Khavere.

Kwa madogo waliozaliwa juzi, Vitimbi ilikuwa komedi ya televisheni ya taifa ya Kenya, tangu kituo kikiitwa Sauti ya Kenya, kabla hakijawa KBC mwaka 1989. Mary alitokea kwenye igizo jingine, Darubini, akaja kuwa mke wa Mzee Ojwang. Mke mwenyewe siyo wa kuonewa. Mzee akileta ujanja, mama anao wa kwake, na mdomo unakwenda kama cherehani.

Sasa shika hii. Mzee Ojwang jina lake halisi ni Benson Wanjau, Mkikuyu. Mary ni Mluhya. Wote wawili walikuwa wanaigiza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na waliipatia mpaka watu wakaamini ni Wajaluo kweli na ni mke na mume kweli. Hawakuwa hivyo wala vile.

Kwa sisi wa Mara hili siyo jambo la mbali. Rorya ni Wajaluo, na mpaka wa Sirari haujawahi kuzuia mtu kwenda kusalimia ndugu. Mama yangu mdogo alikulia huko. Shuleni walimcheka kwa kusema "samba" badala ya shamba. Anasema alipomwona Mama Kayai kwa mara ya kwanza, kwenye runinga ya jirani yenye antena ndefu kama mlingoti, aliogopa kuwa anaenda kuchekwa tena. Kumbe safari hii mwenye lafudhi ile ndiye alikuwa mjanja kuliko wote. Alicheka mpaka machozi, na siyo kwa aibu.

Utauliza kwa nini watu wa huku walikuwa wanategemea komedi ya jirani. Jibu lipo Butiama! Mwalimu aliona televisheni ni anasa kwa nchi maskini. Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, bara tukasubiri mpaka 1994 zilipoanza stesheni za binafsi kama ITV. Kenya walikuwa nayo tangu 1962. Kwa hiyo wakati Mary anajenga jina, dada zetu wenye kipaji kama chake walikuwa na jukwaa na redio tu.

Runinga ilipofika, nao wakatokea. Fatuma Makongoro akawa Bi Mwenda, yule bibi wa kutisha ambaye watoto walijificha nyuma ya kochi wakimwona. Chuma Suleiman akawa Bi Hindu. Wote hao hawakutegemea urembo wa kuuza sura. Mwigizaji wa aina hii anauza tabia, na tabia haizeeki. Hata Uingereza ilikuwa hivyo: Mary Brough, mama mnene wa vichekesho vya jukwaa la Aldwych pale London, alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60 alipoigiza kwenye filamu ya Rookery Nook mwaka 1930, sinema za sauti ndiyo kwanza zinaanza. Wakati mabinti warembo wanabadilishwa kila msimu, bibi bado yupo kazini.

Tofauti ni moja. Brough alipata kazi kwa jina lake mwenyewe. Wa kwetu jina la kuigiza linameza la kuzaliwa, na mara nyingi mfuko nao unabaki mtupu. Mzee Ojwang alipopata tatizo la macho, wananchi walilazimika kumchangia pesa za matibabu. Alifariki Julai 2015. Mtu aliyechekesha nchi nzima kwa miongo kadhaa alifika mahali pa kuchangiwa. Hapo ndipo kicheko kinakwama kooni.

Simaanishi tuanze kulia. Namaanisha hivi: leo ukikata kipande cha klipu ya zamani ukakirusha kwenye status, andika jina la mwenye kazi. Mary Khavere. Fatuma Makongoro. Chuma Suleiman. Haikugharimu hata bando. Mtu asiyejulikana jina ni rahisi kumsahau, na ni rahisi zaidi kutomlipa.

Na nyumbani kwenu pale Mwigobero au Bunda stendi, lazima yupo mama mmoja anayewavunja watu mbavu kila siku. Jina lake halisi unalijua? Au na wewe unamwita tu "mama nanihii"? Tuambie hapo chini, usione aibu.