Chukudu, lava na njia ya shule Goma

Anayeuliza kama watoto wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanaweza kwenda shule kwa msafara wa baiskeli, yaani kuendesha pamoja kwa kundi, hana budi kuanzia kwenye chukudu. Chombo hiki cha mbao, chenye magurudumu mawili na kisicho na pedeli wala injini, kilienea Kivu Kaskazini miaka ya 1970, uchumi wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ulipokuwa ukiporomoka. Hubeba mamia ya kilo za makaa, viazi na kabichi, vikiteremshwa kutoka upande wa Kibumba, kaskazini mwa mji. Mwendeshaji huweka goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu wa pili. Mlimani anahitaji wasaidizi. Mji umekienzi kwa sanamu ya rangi ya dhahabu pale Rond-point Chukudu, na kwa haki, maana ndicho kilichoulisha. Ila sanamu hiyo inaeleza pia barabara za Goma zilikuwa za nani: za mzigo. Mtoto alipita pembeni, mara nyingi akisukuma kichukudu chake chenye madumu ya maji.

Kisha ikaja lava. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo iliukata mji katikati hadi Ziwa Kivu na kuharibu takriban asilimia 13 yake. Watu walirudi wakafungua njia juu ya mwamba uleule, na pikipiki za abiria, zinazopenya pasipopita gari, zikashamiri. Lami ilipotandikwa baadaye, iliongeza mwendo kabla ya kumtengea mtembea kwa miguu nafasi. Septemba 2019 serikali ikatangaza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, nchi nzima. Uamuzi mwema, lakini ulimimina wanafunzi wengi zaidi kwenye njia ambazo hazikupanuliwa kwa ajili yao.

Wapo wanaosema kundi lenyewe ni kinga, kwa kuwa watoto kumi huonekana zaidi kuliko mmoja. Ni kweli, mradi dereva awe na nafasi ya kuwakwepa. Uholanzi, nchi ya baiskeli tangu zamani, ilipoteza watoto zaidi ya 400 barabarani mwaka 1971 pekee. Wingi wao haukuwaokoa. Wazazi waliandamana, na mitaa ikaanza kubadilishwa. Hata misafara ya baiskeli ya Barcelona, iliyovuma mwaka 2021, huchukua barabara nzima, polisi wakiifungulia njia.

Wengine watauliza nani ana nafasi ya kufikiria njia za watoto katika mji uliotwaliwa na waasi wa M23 Januari 2025. Pingamizi hili ni zito, lakini linachukulia kwamba usalama wa barabarani lazima uwe mradi wa mamilioni. Kuzuia malori saa moja asubuhi, kuweka watu wazima kwenye vivuko, na kupanga kando ya njia mawe ya lava ambayo mji tayari hujengea kuta, hakuhitaji fedha za kigeni. Na kwa kuwa wanafunzi wengi hutembea, msafara wa kwanza uwe wa miguu. Baiskeli zije mawe yakishapangwa.