Rada ya satelite: namna inavyoona ardhi ikisogea

Jioni ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Moto wake ulisimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma, na wakaaji wengi wakafikiri mambo yamekwisha. Lakini tarehe 27 gavana wa kijeshi aliamuru watu wa mitaa 10 kati ya 18 wahame. Kwa nini? Matetemeko yalikuwa yanaendelea, na vipimo vya ardhi vilionyesha uji wa moto umejipenyeza chini ya mji mpaka chini ya ziwa Kivu. Sehemu kubwa ya vipimo hivyo ilitoka kwa rada za satelite.

Inafanyaje kazi?
Rada inatuma mawimbi chini, ardhi inayarudisha. Usiku ao mawingu havizuii kitu. Sentinel-1 ya Ulaya, iliyorushwa mara ya kwanza 2014, inapita kilomita karibu 700 juu yetu na kurudi njia ile ile kila siku 12. Wataalamu wanalinganisha picha mbili za mahali pamoja. Ardhi ikisogea hata santimetre chache, wimbi linarudi tofauti, na tofauti hiyo inapimwa.

Na urefu wa milima?
Mwezi wa pili 2000, chombo Endeavour cha Marekani kilizunguka dunia siku 11 kikiwa na antena mbili, moja kwenye mlingoti wa metre 60. Antena mbili ni kama macho mawili: ndiyo yanayotuonyesha kitu kiko karibu ao mbali. Ramani zake zinafika mpaka Maniema.

Kwa wakaaji wa Nyangwe na Kasongo
Hapa msitu unadanganya. Mawimbi mafupi yanagonga majani kabla ya kufika kwenye udongo, basi ramani inaweza kuhesabu miti kama kilima. Majani yakitikisika, kulinganisha picha pia kunakuwa kugumu. Kwenye nyumba na mawe kunafaulu zaidi. Anayetafuta mahali pa kujenga kando ya Lualaba asiamini namba za ramani peke yake. Aulize pia wazee maji yalifika wapi.

Tena, rada haitabiri. Inaona tu inapopita. Ndiyo maana Goma bado inahitaji mashine za kusikiliza matetemeko kila saa.