Nyota ya Karatasi: Pambo la Krismasi Lililozaliwa Darasani

Kila mwaka ifikapo Desemba, maduka ya miji yetu hujaa mapambo ya Krismasi: nyuzi za taa, mipira ing'aayo, miti ya plastiki, na karatasi za rangi za kufungia zawadi. Atazamaye bidhaa hizo huweza kudhani kwamba ndivyo zilivyoanza, yaani zilitoka kiwandani zikaingia dukani, na kutoka dukani zikaingia nyumbani. Historia yatuonyesha kinyume chake. Mengi ya mapambo hayo yalitengenezwa kwanza kwa mikono ya watu wa nyumbani, na ndipo baadaye wafanyabiashara wakayachukua. Aidha, liko pambo moja mashuhuri ambalo halikuanzia dukani wala nyumbani, bali darasani, kama kazi ya wanafunzi. Jambo hilo lapasa kumgusa kila mwalimu, awe ni yule asemaye Krismasi au mwenzake wa Kongo, Rwanda au Burundi asemaye Noeli.

Pambo hilo ni nyota ya karatasi ya Herrnhut. Makala haya yanakusudia kueleza asili yake, na kisha kugusia kwa ufupi mapambo na vifungio vingine vya karatasi vilivyo jamaa zake, ili tuone ni funzo gani tunaloweza kulipata sisi walimu wa lugha.

Watu wa Herrnhut

Herrnhut ni mji mdogo ulioko mashariki mwa Ujerumani, katika jimbo la Saxony. Ulianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa dini waliotoka Moravia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Walipewa hifadhi katika shamba la bwana mmoja mwenye cheo, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, nao wakakiita kijiji chao Herrnhut, maana yake ulinzi wa Bwana. Kutokana na asili yao, watu wa kanisa hilo waliitwa Wamoravian. Mwaka 2024, shirika la UNESCO liliutia mji huo katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na makazi mengine ya Wamoravian.

Ingawa walikuwa wachache, Wamoravian walikuwa miongoni mwa Waprotestanti wa kwanza kupeleka wamisionari nchi za mbali. Walianza katika visiwa vya Karibi mwaka 1732, wakafuatia Greenland mwaka 1733, na mwaka 1737 mmoja wao alifika Afrika ya Kusini. Mwaka 1891 waliwasili Rungwe, katika milima iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na kutokana na kazi hiyo, pamoja na ile ya Unyamwezi, limepatikana Kanisa la Moravian la Tanzania. Kwa hiyo jina la Herrnhut si geni kabisa katika Afrika ya Mashariki.

Kazi hiyo ya mbali ilikuwa na gharama yake, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa na watoto. Ilikuwa desturi kwamba mtoto wa mmisionari, akifikia umri wa kwenda shule, apelekwe Ujerumani kusoma katika shule za bweni za kanisa. Safari za merikebu zilikuwa ndefu, barua zilichukua miezi mingi, na wako watoto ambao hawakuwaona tena wazazi wao. Basi katika mabweni hayo, siku za Krismasi hazikuwa siku za furaha tupu. Wengine walikuwa nyumbani kwa baba na mama. Wao walikuwa shuleni. Bila ya kulikumbuka jambo hili, hatuwezi kuelewa kwa nini nyota ya karatasi ilipata heshima kubwa kiasi kile.

Somo la jiometri

Moja ya shule hizo ilikuwa Niesky, mji mwingine wa Wamoravian ulioanzishwa mwaka 1742, si mbali sana na Herrnhut. Mwanzoni mwa mwaka 1821, wakati wa sherehe za shule huko Niesky, ilitundikwa nyota kubwa ya karatasi yenye ncha 110, ikawashwa taa. Katika miaka iliyofuata, kazi ya kutengeneza nyota za namna hiyo iliendelea shuleni hapo kama sehemu ya mafundisho ya jiometri. Mwalimu aliyetaka wanafunzi wake waelewe maumbo yenye nyuso nyingi hakutosheka na michoro ya ubaoni, bali aliwapa karatasi, mkasi na gundi.

Hesabu ya nyota hiyo ni rahisi kueleza, nayo inafaa kutajwa hapa kwa sababu mwalimu yeyote anaweza kuitumia. Chukua mchemraba. Mchemraba una nyuso 6, kingo 12 na pembe 8. Ukikata kila ukingo na kila pembe kwa kipimo sawa, utapata umbo lenye nyuso 26: zile 6 za mwanzo, nyingine 12 mahali pa kingo, na nyingine 8 mahali pa pembe. Kumi na nane kati yake ni miraba, na nane ni pembetatu. Wanahesabu hulitia umbo hilo katika kundi la maumbo 13 yaitwayo maumbo ya Archimedes. Sasa, juu ya kila uso ukibandika piramidi ndefu ya karatasi, utakuwa umepata nyota. Katika nyota ya Herrnhut ya kawaida, mraba mmoja huachwa wazi kwa ajili ya kutundikia na kupitishia taa. Kwa hiyo hubaki ncha 17 zenye kitako cha mraba na ncha 8 zenye kitako cha pembetatu, jumla 25.

Wanafunzi walipomaliza kazi yao, hawakuiacha darasani. Ikawa desturi katika mabweni kwamba Jumapili ya kwanza ya Majilio watoto huunganisha nyota na kuitundika chumbani. Nyota za mwanzo zilikuwa nyeupe na nyekundu: nyeupe kwa usafi, na nyekundu kwa damu ya Kristo. Nyota ilibaki juu mpaka tarehe 6 Januari, siku ya kuwakumbuka mamajusi walioongozwa na nyota. Kutoka mabwenini desturi hiyo ilifuata watoto majumbani, na kila aliyemaliza shule alikwenda nayo alikokwenda. Yule aliyefunzwa kukunja karatasi akiwa mbali na wazazi wake, baadaye aliwafunza wanawe jioni za Desemba katika nyumba yake mwenyewe.

Kutoka darasani hadi dukani

Yapata mwaka 1880, Pieter Hendrik Verbeek, ambaye naye alikuwa amesoma katika shule hiyo, alianza kutengeneza nyota na kuziuza katika duka lake la vitabu, pamoja na maelezo ya namna ya kuziunganisha. Shida kubwa ya nyota za mikono ilikuwa udhaifu wake: ikishagandishwa kwa gundi, nyota haikufungika tena, na kuihifadhi mwaka mzima bila ya kuvunjika ncha ilikuwa kazi. Mwaka 1897 ilipatikana dawa ya shida hiyo. Kilitengenezwa kiini cha bati, na ncha za karatasi zikawekewa fremu za bati zilizoweza kupachikwa na kuchomolewa. Nyota ikaweza kuwekwa sandukuni, kusafirishwa, na kuunganishwa tena mwaka wa pili. Ndipo kiwanda kikazaliwa.

Kiwanda hicho kimepita katika misukosuko mingi. Kiliharibiwa vibaya mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Katika miaka ya 1950 kilichukuliwa na serikali ya Ujerumani ya Mashariki, na baadaye kikarudishwa mikononi mwa kampuni ya kanisa. Nyota bado zinatengenezwa Herrnhut, na katika kazi hiyo mikono ya watu ingali inahitajiwa kuzikunja na kuzigandisha ncha za karatasi.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Kiwanda hakikuua kazi ya nyumbani. Anunuaye nyota ya karatasi hapewi nyota iliyokwisha. Hupewa sanduku la ncha na vifungo vyake, akaketi na watoto wake kuiunganisha. Naam, wako wanunuzi wapendao nyota ya plastiki isiyo na kazi nyingi. Lakini ile ya karatasi ingali inadai jioni nzima ya familia, na pengine hiyo ndiyo sababu ya kupendwa kwake.

Karatasi mikononi mwa watoto wadogo

Mwalimu wa Niesky hakuwa peke yake katika fikira hizi. Mjerumani mwingine, Friedrich Fröbel (1782-1852), aliyeanzisha shule za watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg na mwaka 1840 akazipa jina lake maarufu, bustani ya watoto, aliamini kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda. Miongoni mwa kazi alizowapa watoto zilikuwa kukunja, kukata na kufuma vipande vya karatasi. Serikali ya Prussia ilizishuku shule hizo ikazipiga marufuku mwaka 1851, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1860. Hata hivyo mafundisho yake yalienea nchi nyingi. Nyota ndogo ifumwayo kwa vipande vinne vya karatasi huitwa kwa jina lake hata leo, ijapokuwa si yeye aliyeibuni.

Jamaa wa kazi hizo ni moyo wa karatasi wa Denmark. Huo hutengenezwa kwa vipande viwili vya rangi mbalimbali, vilivyokunjwa na kuchanwa, kisha vikafumwa kimoja ndani ya kingine. Ajuaye kusuka jamvi au mkeka ataitambua kanuni yake mara moja: juu, chini, juu, chini. Moyo wa zamani kuliko yote ijulikanayo ulitengenezwa mwaka 1860 na mtunzi wa hadithi Hans Christian Andersen, aliyekuwa hodari wa kukata karatasi, nao umehifadhiwa katika mji wa Odense alikozaliwa. Ukikamilika, moyo huo huwa kikapu kidogo kinachotundikwa mtini na kutiwa peremende. Hivyo ni pambo na ni kifungio cha zawadi kwa wakati mmoja.

Zawadi na kifungio chake

Desturi ya kuisitiri zawadi ni kongwe. Wajapani hutumia kitambaa cha mraba kiitwacho furoshiki, ambacho hufungwa kwa mafundo na kutumika tena na tena. Msomaji asidanganyike na sauti ya neno hilo na neno letu furushi. Kufanana huko ni kwa bahati tu. Hata hivyo matumizi ni ya jamaa moja, kwani nasi tunajua kufunga kitu katika leso na kukipeleka kwa mpendwa.

Huko Ulaya na Marekani, hadi mwanzoni mwa karne ya ishirini, zawadi zilifungwa kwa karatasi nene ya kahawia au kwa shashi, zikakazwa kwa uzi na pengine kutiwa lakiri. Mwaka 1917, katika mji wa Kansas City nchini Marekani, duka la ndugu wa ukoo wa Hall liliishiwa na shashi wakati wa Krismasi. Wakachukua karatasi za mapambo zilizotoka Ufaransa, ambazo kazi yake ilikuwa kuwekwa ndani ya bahasha, wakaziuza kwa senti kumi kila moja. Zikaisha upesi, na miaka iliyofuata wakaanza kuchapa karatasi zao wenyewe. Kampuni yao ndiyo iliyokuja kuitwa Hallmark. Utepe wa gundi unaoonekana kwa macho kama kioo haukupatikana mpaka mwaka 1930, na ndio uliorahisisha kazi ya kufunga nyumbani.

Tazama basi jinsi hadithi hizi zinavyotofautiana. Karatasi ya Kansas City ilitoka dukani ikaingia nyumbani, ikachanwa na kutupwa asubuhi ile ile. Nyota ya Niesky ilitoka darasani ikaingia nyumbani, ikafunguliwa na kuwekwa akiba kwa mwaka mwingine. Ya kwanza huficha zawadi. Ya pili ni zawadi yenyewe, kwa kuwa ndani yake zimo saa za yule aliyeitengeneza.

Faida kwa mwalimu wa Kiswahili

Yawezekana msomaji akauliza: haya yatuhusu nini sisi, ambao kazi yetu ni lugha? Jibu liko katika vitenzi vyenyewe vya kazi hii. Mwanafunzi atengenezaye pambo la karatasi hukunja, hubandika, hufuma, hufunga. Mwaka ukiisha, hukunjua, hubandua, hufumua, hufungua. Kila tendo la mikono lina tendo la kulitangua, na Kiswahili huyaonyesha yote mawili kwa kubadili mwisho wa kitenzi tu. Kanuni hiyo ya kauli ya kutendua huwasumbua wanafunzi wengi, hasa wale ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani, wanapoikuta ubaoni katika orodha kavu. Lakini aliyebandika ncha kwa gundi, ikakosewa ikabidi kuibandua, hatalisahau neno hilo.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika majuma ya mwisho ya mwaka wa masomo, mwalimu wa lugha ashirikiane na mwalimu wa hesabu. Karatasi za daftari zilizotumika zatosha, na gundi ya unga wa muhogo yafaa. Wanafunzi watengeneze nyota, ya ncha 25 au chache zaidi. Kisha waandike kwa Kiswahili sanifu maelezo ya kuitengeneza, hatua kwa hatua, na kumpa mwanafunzi wa darasa jingine ayafuate. Nyota ya huyo wa pili ndiyo itakayosahihisha insha: palipoandikwa ovyo, ncha haitakaa mahali pake. Wala kazi hii si ya Wakristo peke yao, kwa sababu jiometri na vitenzi havina dini, na nyota yafaa kupamba sherehe yoyote.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maarifa ya mikono nayo hupotea vivyo hivyo yasipoandikwa. Watoto wa Niesky walikuwa mbali na kwao, wala mwalimu wao hakuweza kuwarudishia wazazi. Aliwapa somo ambalo lilibaki limetundikwa juu ya vitanda vyao, likiwaka, mpaka tarehe 6 Januari.