Kuta za Mithila

Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko kubwa la inchi lilivunja maelfu ya nyumba katika Bihar ya kaskazini, huko India. Mwingereza William Archer, mkubwa wa serkali ya kikoloni mjini Madhubani, alikwenda kutazama hasara. Kuta za inje zilikuwa zimepasuka, akaona vyumba vya ndani, visivyoingiwa na wageni, vimejaa picha: yungiyungi, mianzi, samaki, kasuku, na miungu yao. Mwaka wa 1949 aliandika habari zake katika gazeti moja la India. Ndipo watu wa mbali walipoanza kujua kazi ya wamama wa Mithila.

Mithila, wandugu, ni inchi tambarare kati ya milima ya Himalaya na mto Ganges. Sehemu moja iko India, nyingine Nepal. Watu wake husema Kimaithili. Tangu zamani ilisifiwa kwa elimu. Sisi tuliotoka jasho juu ya mantiki ya Aristoteli tujue kwamba Gangesha, mtu wa huko, aliandika katika karne ya 14 kitabu cha mantiki ambacho walimu wa India walikifafanua kwa miaka mia na mia. Tena kuna waandishi wa ukoo, waitwao panjikar. Kwa desturi ya Wabrahmani wa Mithila arusi haifungwi mpaka mwandishi ashuhudie kwamba kijana na binti si wa damu moja. Padri anayechunguza vizuizi vya ndoa atamwelewa mara moja!

Hayo yalikuwa mambo ya wanaume, nayo yaliandikwa. Lakini herufi zao za kale, Tirhuta, leo wanaozisoma ni wachache. Na wamama? Wengi hawakufundishwa kusoma. Binti alikaa karibu na nyanya yake, akamwangalia akipaka ukuta udongo na mavi ya ng'ombe, kisha akichora kwa masizi, manjano na unga wa mchele. Kazi kubwa ilikuwa chumba cha maarusi, kohbar, ambamo yungiyungi na mianzi ni alama za uzazi. Mvua ilifuta, arusi nyingine ilipokuja, walichora tena.

Ukame wa 1966 na 1967 ulileta njaa. Pupul Jayakar, wa shirika la serkali la kazi za mikono, alimtuma mchoraji Bhaskar Kulkarni apeleke makaratasi, wamama wachore na kuuza. Jagdamba Devi alipewa nishani ya Padma Shri mwaka wa 1975. Hata wanawake wa Dusadh, waliodharauliwa kama watu wasiogusika, walianza kuchora makaratasi, wakamchora Salhesh, shujaa wao.

Wengine hunung'unika kwamba karatasi iliharibu desturi, maana picha ya arusi inauzwa Delhi kwa mtu asiye na arusi. Si uongo kabisa. Lakini hatuwezi kumlaumu mama aliyenunua mchele kwa picha yake. Sisi twasikitikia jambo lingine: wenye elimu walikaa ndani ya nyumba zile zile, karne kwa karne, wakitunza vitabu vya ukoo, na kila siku walipita mbele ya kuta hizo.