Webmasta wa Kampala na Kumbukumbu Zilizokosa Mlinzi

Kabla Kampala haijawa na tovuti hata moja, ilikuwa na watu wachache waliojua kuisubiri laini ya simu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Makerere, kulikuwa na kituo cha barua pepe kilichojulikana kwa jina la MUKLA. Kilitumia mfumo wa FidoNet: barua za watu wengi zilikusanywa kwenye kompyuta moja, modemu ikapiga simu pale laini ilipokubali, na mzigo wote ukasafirishwa kwa mkupuo hadi kituo cha mbele. Mradi wa ESANET, uliofadhiliwa na shirika la IDRC la Kanada, uliunganisha kwa njia kama hiyo vyuo vikuu vya Nairobi, Dar es Salaam, Makerere, Zambia na Zimbabwe. Charles Musisi, mmoja wa walioendesha kituo cha Makerere, ndiye aliyekuja kukabidhiwa kikoa cha .ug kilipoandikishwa mwaka 1995, na kampuni yake ya Computer Frontiers International ikakisimamia kwa miaka mingi.

Naanzia hapo kwa makusudi. Historia ya webmasta, yaani mtunza tovuti, husimuliwa kana kwamba ilianza na rangi, picha na maandishi yanayomemeta. Kwa Kampala ilianza na amana. Mtu mmoja alishika barua za wengine, akajua zimefika wapi na zimekwama wapi, na akiulizwa hakuwa na wa kumsingizia.

Wavuti yenyewe ilikuwa bado changa. Tim Berners-Lee aliipendekeza mwaka 1989 akiwa CERN, mjini Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaitoa itumiwe na kila mtu bila malipo. Kati ya tangazo hilo na kuandikishwa kwa .ug ni kama miaka miwili tu. Kwa maarifa, basi, Kampala haikuachwa nyuma sana. Kilichokuwa mbali ni waya. Uganda haina pwani, na hadi mwaka 2009 Afrika Mashariki nzima ilitegemea setilaiti kufika kwenye intaneti ya dunia. Megabiti moja kwa sekunde iliweza kugharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Shirika la posta na simu, UPTC, ndilo lililoshika simu za mezani. Kampuni ya simu za mkononi ya Celtel ilianza mwaka 1995, sheria mpya ya mawasiliano ikapita mwaka 1997 na kuzaa Tume ya Mawasiliano, UCC, na kampuni nyingine ya simu, MTN, ikaingia mwaka 1998. Kampuni kama Infomail, iliyokuja kuitwa Infocom, na Starcom ziliuza intaneti ya kupiga simu kwa mashirika, balozi na wafanyabiashara walioimudu.

Ndani ya uhaba huo ndimo alimozaliwa webmasta wa Kampala, na uhaba ndio uliompa ukubwa wa kazi yake. Aliandikisha jina chini ya .co.ug, .or.ug au .ac.ug. Alikodi nafasi kwenye seva, mara nyingi Marekani, kwa sababu kuiweka seva Kampala kulimaanisha kwamba kila msomaji wa nje angelazimika kupita kwenye setilaiti ile ile ya bei ghali. Aliandika kurasa za HTML kwa mkono, au kwa programu kama FrontPage na baadaye Dreamweaver. Alizipunguza picha mpaka ziweze kufunguka kwa modemu bila kumchosha msomaji. Kisha akazipakia kwa FTP, faili moja baada ya jingine, akiomba umeme usikatike kabla hajamaliza. Alikuwa kama fundi wa Katwe, ambaye gari likishaletwa kwake hamwiti mtu mwingine: injini ni yeye, bodi ni yeye, rangi ni yeye.

Tena alijibu barua. Mwezi Mei 1997 ilitoka hati ya RFC 2142, iliyoandikwa na Dave Crocker, iliyoorodhesha anwani za barua pepe ambazo kila asasi yenye mtandao ilitarajiwa kuwa nazo. Kwa tovuti, anwani hiyo ilianza na neno webmaster. Siku hizi mtu anaweza kuiona hati hiyo kama jambo dogo la kiufundi, lakini maana yake katika jamii ilikuwa kubwa. Ilisema kwamba nyuma ya kila tovuti pana mtu, na mtu huyo anafikika. Magazeti ya New Vision na The Monitor yalipoanza kuweka habari kwenye wavuti, wasomaji wengi walikuwa Waganda walioko London, Boston na Toronto, kwa sababu nyumbani waliokuwa na kompyuta yenye intaneti walikuwa wachache. Mtu wa mbali aliyetaka kuuliza jambo lolote kuhusu gazeti, chuo au wizara aliandika kwa anwani iliyokuwa chini ya ukurasa, na barua ikaangukia mezani kwa webmasta, iwe inahusu kiungo kilichovunjika au msiba uliotangazwa.

Njia hiyo ya kati ya Kampala na ng'ambo ilikuwa na pande mbili. Baadhi ya kurasa za mwanzo zilizozungumzia Uganda hazikutengenezwa Kampala hata kidogo. Kurasa za historia na utamaduni wa Buganda, mathalani, zilitunzwa kwa miaka na Mganda aliyeishi Marekani, kwa muda wake mwenyewe. Vijana wa Kampala walisoma habari za mababu zao kwenye intaneti kafe za Wandegeya, kutoka kwa mtunzaji aliyekuwa ng'ambo ya Atlantiki.

Napenda kukaa kidogo na WOUGNET, mtandao wa wanawake wa Uganda ulioanzishwa mwezi Mei mwaka 2000, Dorothy Okello akiwa miongoni mwa waasisi na mratibu wake. Vikundi vingi vya wanawake wakati huo havikuwa na tovuti, na havikuwa na fedha ya kumlipa mtu wa kuitengeneza. WOUGNET ilivipa kurasa ndani ya tovuti yake, ikaweka maelezo ya kila asasi, shughuli zake na namna ya kuipata, na kwa wale ambao wavuti ilikuwa nzito kwao ikatuma habari kwa barua pepe. Hapo kazi ya webmasta ilipanda daraja. Haikuwa tena kuitunza nyumba ya mwajiri mmoja, ilikuwa kuchagua nani aonekane duniani na kuhakikisha haonekani vibaya. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi ya uhariri na ya ukutubi kwa pamoja, na wanawake walioifanya wanastahili nafasi katika historia ya uchapishaji wa Uganda sawa na wahariri wa magazeti.

Vyuo navyo vilijipanga. Makerere iliunda kurugenzi ya kusimamia teknolojia ya habari, DICTS, na kitivo cha kompyuta kikakua hadi kuwa chuo kamili ndani ya chuo kikuu. Nje ya vyuo, Barabara ya Nasser, ambako Kampala huchapisha mabango, kadi za harusi na vitabu vya risiti, ilikuwa imejaa vijana walioijua kompyuta kwa kupanga kurasa za karatasi. Kutoka ukurasa wa karatasi hadi ukurasa wa tovuti si mbali kwa mwenye jicho.

Halafu ukaja mwaka 2006. Waganda walikuwa wakielekea uchaguzi wa vyama vingi wa tarehe 23 Februari, na kulikuwa na tovuti iitwayo Radio Katwe, iliyojipa jina ambalo Kampala nzima hulitumia kwa habari za mitaani zisizo na mwenyewe. Ilichapisha madai makali dhidi ya wakubwa wa serikali. UCC ikaagiza ifungwe. MTN ilitekeleza agizo kwa kuifunga anwani ya IP ya seva iliyoibeba. Lakini seva ile ilikuwa ya kukodi, ng'ambo, na ilibeba mamia ya tovuti nyingine ambazo hazikuwa na habari na Radio Katwe wala na uchaguzi. Zote zikapotea kwa wateja wa MTN.

Tukio hilo liliwafundisha watunza tovuti wa Kampala jambo ambalo hakuna kitabu cha HTML kilichowahi kulisema: jirani yako kwenye seva ni sehemu ya hatima yako. Kuanzia hapo swali la tovuti inakaa wapi, chini ya sheria ya nani, na nakala yake ya akiba iko wapi, likawa swali la siasa na si la bei peke yake.

Mwezi Julai 2009 mkonga wa SEACOM ulianza kazi kwenye pwani ya Afrika Mashariki, ukifuatwa na TEAMS na EASSy, na kutoka Mombasa nyaya zikapanda bara hadi Kampala. Bei ilianza kushuka. Wakati huo huo programu kama WordPress, iliyotoka mwaka 2003, na Joomla ya mwaka 2005 zilikuwa zimeondoa ulazima wa kuijua HTML. Ofisa habari wa wizara aliweza kuandika na kuchapisha mwenyewe. Kazi ya mtu mmoja ikaanza kugawanyika: mbunifu huku, mwandishi wa programu kule, msimamizi wa seva mahali pengine, na mtu wa masoko akihesabu wasomaji. Hive Colab mwaka 2010 na Outbox mwaka 2012 zikawapa vijana mahali pa kukaa na kuunda programu za simu. Hakuna aliyekwenda huko akitaka kuitwa webmasta.

Serikali nayo iliunda NITA-U kwa sheria ya mwaka 2009 ili kuratibu teknolojia zake, tovuti zikiwemo. Haja ilikuwepo. Mwezi Agosti 2012 wadukuzi waliojiita Anonymous waliivamia tovuti ya Ofisi ya Waziri Mkuu na kuweka maneno yao. Programu ambayo kila mtu anaweza kuitumia bila mafunzo inaweza pia kuachwa miaka bila kusasishwa, na mlango usiofungwa haumjui mgeni wala mwizi.

Pigo kubwa zaidi, hata hivyo, lilitoka kwenye urahisi. Facebook ilikuwa bure, ilifunguka kwenye simu, na haikuhitaji kuandikishiwa jina wala kulipiwa seva. Hoteli, shule, makanisa, misikiti, hata idara za serikali zilihamishia habari zao huko, na tovuti zao zikaachwa na picha ya mkurugenzi aliyekwishastaafu. Mwezi Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao ya kijamii. Hata kodi hiyo haikuwarudisha watu kwenye tovuti. Wengi walitafuta VPN ili kuikwepa.

Januari 2021 ilileta hesabu. Mitandao ya kijamii ilifungwa siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14, na usiku wa kuamkia uchaguzi intaneti yote ikazimwa. Ilirudi tarehe 18. Facebook haikurudi, iliendelea kufungwa katika miaka iliyofuata. Asasi iliyokuwa na tovuti yake, yenye jina lake na nakala zake, iliamka siku intaneti iliporudi ikiwa na kila kitu chake mahali pake. Asasi iliyokuwa imehamishia maisha yake Facebook ilijikuta na miaka ya matangazo, picha na majibizano nyuma ya ukuta ambao haikuujenga na haikuweza kuubomoa. Sijaona ushahidi ulio wazi zaidi ya huo juu ya thamani ya mtunza tovuti.

Duniani cheo cha webmasta kilikuwa kikififia kimyakimya. Google ilibadilisha jina la Webmaster Tools kuwa Search Console mwaka 2015, na Novemba 2020 ikaliondoa neno hilo hata kwenye Webmaster Central, ikieleza kwamba wataalamu wachache sana walikuwa bado wakijiita hivyo. Sina ugomvi na hilo. Vyeo hufa, na mgawanyo wa kazi umeleta tovuti nzuri zaidi, zenye kasi na zinazosomeka kwenye simu ya bei ndogo. Ninachokilalamikia ni kwamba katika kugawana urithi wa webmasta, mmoja alichukua usanifu, mwingine programu, mwingine ulinzi, mwingine matangazo, na utunzaji ukaachwa sakafuni. Mbunifu akimaliza mradi huondoka. Mkataba wa seva ukiisha bila mtu kulipa, tovuti hufutwa. Jina likikosa kulipiwa, hununuliwa na mgeni. Mtumishi aliyejua nywila akihama, huondoka nayo, na asasi huanza tovuti mpya kana kwamba haikuwahi kuwa na ya zamani.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya Kampala ya mwaka 1998 au 2004, jinsi ilivyojiandika yenyewe kwenye wavuti, haipo tena. Internet Archive ya San Francisco, iliyoanza mwaka 1996, imeokoa vipande kupitia Wayback Machine, na kila mtafiti wa Afrika Mashariki ana deni kwake. Lakini vipande hivyo mara nyingi havina picha, na vilichaguliwa na mashine isiyojua lipi kwetu lilikuwa kubwa. Kwa karatasi tulijipanga mapema: tangu mwaka 1958 Maktaba ya Makerere ina haki kisheria ya kupokea nakala za machapisho yanayochapwa nchini, na Maktaba ya Taifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kijitabu cha kurasa nane kilichochapwa Barabara ya Nasser kina mahali pa kulazwa. Tovuti iliyosomwa na maelfu kwa miaka kumi haina.

Wengi walioifanya kazi hii tangu mwanzo bado wako hai. Wana diski za zamani, CD zenye nakala za tovuti nzima, barua walizoandikiwa na wasomaji wa mbali. Maktaba ya Makerere na Maktaba ya Taifa ziwafuate, ziwape fomu ya kukabidhi na mashine ya kusomea diski hizo kabla hazijaharibika, na ziwarekodi wakisimulia. Na wewe uliyewahi kuwa webmasta wa shule, gazeti, kanisa au wizara yoyote mjini Kampala, usisubiri kufuatwa: fungua kabati, itafute nakala yako, andika juu yake ni ya tovuti gani na ya mwaka gani, uipeleke.