Nyumba Bila Ardhi: Historia ya Migogoro kati ya Wamiliki wa Karavani Tuli na Waendeshaji wa Vituo vya Mapumziko nchini Uingereza

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya migogoro kati ya wamiliki wa karavani tuli na waendeshaji wa vituo vya mapumziko nchini Uingereza tangu katikati ya karne ya 20. Hoja kuu ni kwamba chimbuko la migogoro hiyo halipo katika tabia ya upande mmoja pekee, bali katika mpaka ambao sheria iliuweka miaka ya 1960 kati ya makazi na mapumziko. Mpaka huo uliwakinga wanaoishi katika karavani mwaka mzima, na kuwaacha wanaozitumia kwa mapumziko chini ya mikataba inayoandikwa na mwenye ardhi. Sehemu ya mwisho inalihusisha suala hilo na desturi ya pwani ya Afrika Mashariki ya kumiliki nyumba bila kumiliki ardhi.

Utangulizi

Karavani tuli ni nyumba nyepesi inayoundwa kiwandani juu ya chasisi yenye magurudumu, ikasafirishwa kwa lori hadi kwenye kiwanja chake, kisha ikaunganishwa na maji, umeme na mfereji wa majitaka. Kwa jina ni chombo cha safari. Kwa matumizi ni nyumba. Anayeinunua hulipa makumi ya maelfu ya pauni, lakini kiwanja inaposimama hubaki kuwa mali ya mwendeshaji wa kituo. Mmiliki hupewa idhini ya kuiweka hapo kwa miaka iliyotajwa katika mkataba, naye hulipa ada ya kiwanja kila mwaka. Kwa hiyo watu wawili wana mali mahali pamoja: mmoja ana paa na kuta, mwingine ana udongo. Swali linalopita katika historia yote ya migogoro yao ni moja: mwenye paa ana haki gani mbele ya mwenye udongo?

Kutoka gari la matembezi hadi nyumba ya ufukweni

Karavani ya starehe ilianza kama anasa ya watu wenye nafasi. Mwaka 1885 tabibu na mwandishi William Gordon Stables aliundiwa gari la kukokotwa na farasi, akaliita The Wanderer, akazunguka nalo nchini Uingereza. Mwaka 1907 wapenzi wa safari za aina hiyo waliunda Caravan Club. Katika hatua hiyo mgogoro wa ardhi haukuwa na nafasi kubwa, kwa kuwa karavani ilikuwa ikihama. Aliyechukizwa na mwenye shamba alifunga farasi wake, akaondoka.

Hali ilibadilika wafanyakazi wa viwandani walipoanza kupata mapumziko. Mwaka 1936 Billy Butlin alifungua kambi yake ya mapumziko karibu na Skegness, katika pwani ya Lincolnshire, na miaka miwili baadaye ikapitishwa Sheria ya Likizo yenye Malipo ya mwaka 1938. Wakulima wa pwani za Lincolnshire, Wales Kaskazini na kwingineko waligundua kwamba shamba linalotazama bahari laweza kuzaa fedha zaidi kwa kukodishwa viwanja vya karavani kuliko kwa kulimwa. Taratibu, karavani zilizokuwa zikija na kuondoka zikaanza kuachwa pale pale kutoka msimu mmoja hadi mwingine.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia likazuka kundi la pili. Nyumba zilikuwa chache, miji mingi ilikuwa imebomolewa kwa mabomu, na maelfu ya familia zikafanya karavani kuwa makazi yao ya kudumu. Hivyo chombo kilekile, mara nyingine katika shamba lilelile, kikawa na maana mbili: kwa mmoja kilikuwa starehe ya wiki mbili za kiangazi, na kwa mwingine kilikuwa nyumba pekee aliyonayo.

Sheria inachora mpaka

Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1936 ilikuwa imezipa halmashauri uwezo wa kutoa leseni kwa makazi yanayohamishika, lakini shabaha yake ilikuwa usafi, si haki za wakazi. Mwaka 1959 Sir Arton Wilson aliwasilisha kwa serikali ripoti kuhusu karavani zinazotumika kama makazi. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Maeneo ya Karavani na Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 1960, iliyomlazimu mwenye ardhi kupata leseni ya halmashauri kabla ya kuruhusu ardhi yake itumike kwa karavani. Sheria hiyo ilisimamia ardhi. Haikusema mengi kuhusu mtu aliyekuwa ndani ya karavani.

Pengo hilo lilishughulikiwa na Sheria ya Maeneo ya Karavani ya mwaka 1968, iliyotokana na mswada binafsi wa mbunge Eric Lubbock. Kwa mara ya kwanza mkazi wa karavani hakuweza kufukuzwa bila notisi na bila amri ya mahakama, na kumsumbua ili aondoke likawa kosa la jinai. Hata hivyo, ulinzi huo ulihusu maeneo yaliyotambuliwa kuwa ya makazi. Eneo ambalo kibali au leseni yake ilisema ni la mapumziko tu, au lililokatazwa kukaliwa kwa sehemu fulani ya mwaka, liliachwa nje. Sheria ya Nyumba Zinazohamishika ya mwaka 1983 ilifuata njia hiyo hiyo. Mkazi wa kudumu alipata haki ya mkataba wa maandishi usiokoma ila kwa sababu zilizotajwa na sheria, haki ya kuuza nyumba ikiwa bado kwenye kiwanja chake, na ukomo wa asilimia 10 kwa kamisheni ya mwenye eneo. Mwenye karavani ya mapumziko hakupata lolote kati ya hayo.

Mpaka huo haukuwa wa kipuuzi. Halmashauri za pwani ziliogopa kwamba vituo vya kiangazi vingegeuka vijiji vya kudumu visivyo na shule wala zahanati, ndiyo maana zikaweka masharti ya kufunga vituo kwa majuma kadhaa ya baridi. Bunge nalo lilimtazama mwenye karavani ya mapumziko kuwa mtu mwenye nyumba nyingine, asiyeweza kuachwa bila paa. Lakini sharti lililowekwa kwa ajili ya mipango ya ardhi likageuka kuwa kigezo cha haki za mtu. Kufungwa kwa lango kwa majuma machache kukatosha kumweka mmiliki nje ya ulinzi wa sheria.

Mali inayohamishika isiyohama

Mpaka huu ulijengwa juu ya dhana moja: kwamba karavani yaweza kuondoka. Kisheria ni kweli, kwa sababu karavani ni mali inayohamishika. Kiuchumi ni kweli nusu tu. Kuihamisha kunadai kuikata kutoka kwenye huduma, kuipakia kwenye lori na kuitafutia kiwanja kingine. Waendeshaji wengi hawapokei karavani kuukuu kutoka nje, kwa kuwa sehemu kubwa ya mapato yao hutokana na kuuza mpya na kuziweka katika viwanja vyao wenyewe. Zaidi ya hayo, thamani ya karavani haimo katika kuta zake pekee. Imo katika mahali iliposimama, ufukwe ulio karibu na miaka iliyobaki katika mkataba. Ikiondolewa kiwanjani, inaweza kupoteza sehemu kubwa ya bei iliyonunuliwa. Ndiyo maana mmiliki asiyeridhika hawezi kufanya alichofanya msafiri wa mwaka 1907. Hana farasi wa kufunga.

Kutokana na hali hiyo, madai yanayojirudia katika migogoro yanaeleweka. La kwanza ni ada ya kiwanja, ambayo mwendeshaji huipandisha kila mwaka huku mmiliki akiwa hana njia ya kuondoka bila hasara. La pili ni ukomo wa umri: mikataba mingi hutaka karavani iondolewe ikifika miaka iliyotajwa, hata kama bado ni nzima, na mmiliki hushawishiwa kununua mpya ili abaki. La tatu ni mauzo. Mmiliki akitaka kuuza, hukuta kwamba mnunuzi lazima akubaliwe na mwendeshaji, kwamba kamisheni ni kubwa kuliko ile ya maeneo ya makazi, au kwamba mwendeshaji mwenyewe anataka kuinunua kwa bei ndogo. La nne ni huduma: bei ya umeme unaouzwa tena na kituo, au sharti la kununua mitungi ya gesi hapo hapo. La tano ni maneno ya muuzaji. Wapo walionunua wakiamini wataweza kuishi humo mwaka mzima, na baadaye wakaonyeshwa maandishi yanayokataza.

Waendeshaji nao wana hoja zisizopaswa kupuuzwa. Barabara, taa, mabomba, mabwawa ya kuogelea na mishahara hulipwa kutokana na ada hizo, na kituo kilichojaa karavani zilizochakaa hupoteza wateja wapya. Tena, mmiliki anayeishi kwa siri katika kiwanja cha mapumziko humweka mwendeshaji katika hatari ya kuvunja masharti ya leseni. Tofauti ni kwamba mwendeshaji ndiye aliyeandika mkataba, naye ndiye anayeweza kungoja.

Mahakama na wasimamizi wa soko

Ugumu wa kutofautisha nyumba na chombo ulidhihirika mwaka 1997 katika kesi ya Elitestone dhidi ya Morris, iliyoamuliwa na majaji wa Bunge la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule. Kesi ilihusu kibanda cha mbao kilichokaa juu ya nguzo za zege bila kufungwa kwazo, katika eneo la Holtsfield karibu na Swansea. Mkazi alidhaniwa kumiliki kibanda na kukodi ardhi tu. Majaji waliamua kwamba jengo lisiloweza kuondolewa ila kwa kubomolewa ni sehemu ya ardhi. Kwa njia hiyo mkazi alikosa umiliki wa kibanda, lakini akapata ulinzi mkubwa zaidi: akawa mpangaji anayelindwa na Sheria ya Kodi za Nyumba ya mwaka 1977. Karavani tuli, kwa kuwa huweza kuinuliwa nzima, hubaki upande wa pili wa kanuni hiyo. Mwenyewe huendelea kuimiliki, na kwa umiliki huo huo hukosa kinga ya mpangaji.

Kwa kuwa sheria ya ardhi haikumsaidia, mmiliki wa karavani ya mapumziko alikimbilia sheria ya mlaji. Kanuni za masharti yasiyo ya haki zilizotungwa mwaka 1994, na nyingine zilizochukua nafasi yake mwaka 1999, ziliruhusu sharti lisilo la haki lipingwe. Mwaka 2005 ofisi ya serikali iliyosimamia biashara ya haki ilitoa mwongozo mahususi kuhusu mikataba ya karavani za mapumziko. Leo msingi wa madai hayo ni Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015. Hatua hizo ni za maana, lakini zina kikomo. Zinapima haki ya sharti lililoandikwa. Hazimpi mmiliki haki ya kuongezewa muda mkataba unapokwisha. Aidha, mara nyingi humtaka mtu mmoja ashindane na kampuni, wakati kampuni hiyo ndiyo itakayoamua kama mwakani atabaki kiwanjani.

Majira ya kuchipua ya mwaka 2020 yalilifichua tatizo hili waziwazi. Vituo vilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya janga la UVIKO-19, na vya England havikuruhusiwa kufunguliwa hadi tarehe 4 Julai. Wamiliki waliokuwa wamelipa ada ya mwaka mzima walidai sehemu ya fedha yao. Baadhi ya waendeshaji walirudisha, wengine walikataa. Hapakuwa na kanuni ya kisheria iliyotungwa kwa ajili yao.

Wakati huo pengo lilizidi kupanuka. Sheria ya mwaka 2013 iliwaondolea wenye maeneo ya makazi ya England uwezo wa kuzuia mauzo, na ile ya mwaka 2023 ikabadilisha kipimo cha kupandishia ada kutoka fahirisi ya bei za rejareja hadi fahirisi ya bei za walaji. Zote mbili ziliishia kwenye maeneo ya makazi. Lakini Ireland ya Kaskazini ilionyesha kwamba mpaka si wa lazima: Sheria ya Karavani ya mwaka 2011 ya huko iliwagusa pia wenye karavani za msimu, ikiwapa haki ya kupata mkataba wa maandishi.

Mwangwi katika pwani ya Afrika Mashariki

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, suala hili halipaswi kuonekana geni. Katika pwani ya Waswahili, mila na sheria ya Kiislamu zimeruhusu kwa muda mrefu nyumba au minazi imilikiwe na mtu mmoja na ardhi imilikiwe na mwingine. Mombasa, mpango wa nyumba bila ardhi ungali unajulikana, ambapo mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja. Ng'ambo ya Unguja, wakazi waliojijengea nyumba kwenye ardhi ya wengine waligoma kulipa kodi ya ardhi mwaka 1928. Tofauti ni kubwa: wakazi wa Ng'ambo walikuwa maskini wa mji wa kikoloni, wala hawakuwa wapumzikaji. Hata hivyo, kiini cha mvutano ni kimoja. Aliyejenga hawezi kuondoka na alichojenga, na mwenye ardhi analijua hilo.

Hitimisho

Historia hii inawaachia watunga sera funzo la msingi. Sheria ya Uingereza iliuliza swali la matumizi: je, mtu huyu anaishi hapa au anapumzika? Swali hilo lilifaa kuwakinga waliokuwa katika hatari ya kukosa paa, lakini halikupima hatari ya pili, ya mtu kuweka akiba yake katika mali asiyoweza kuiondoa. Swali linalofaa kuongezwa ni la utegemezi: je, mwenye jengo anaweza kuondoka bila kupoteza thamani ya jengo lake? Asipoweza, anahitaji angalau mambo matatu: mkataba wa maandishi kabla ya kulipa, kipimo kinachojulikana cha kupandisha ada, na haki ya kuuza mahali hapo hapo mbele ya chombo huru cha usuluhishi. Serikali za ukanda huu, zinaporasimisha makazi yaliyojengwa juu ya ardhi ya wengine, zina nafasi ya kuuliza swali hilo mapema, kabla mpaka haujachorwa mahali pasipofaa.